Malewa ya Alhamisi

Jumatatu, 8 Juni 1998. Jinja

Norman amenikera kabla sijaketi. Nimeingia ofisini na begi mgongoni, buti zinang'aa, furaha tele — yeye ananiambia: Daphine, kule mlimani usiongee Kiswahili na wapagazi. Kiswahili ni lugha ya bunduki, ya wanajeshi wa miaka ile. Wageni watajisikia vibaya.

Wageni! Kwao Kiswahili na Kisoga vyote ni sauti za ndege tu!

Baba yangu alikuwa askari jela. Tulikulia kwenye nyumba za askari hapa hapa Jinja. Sisi Wateso mlango huu, Waacholi mlango ule, Walugbara nyuma yetu. Tuligombania bomba la maji kwa Kiswahili, tukapatana kwa Kiswahili. Mama alinifundisha Baba Yetu kwa Kiswahili. Nikikasirika, hasira haiji kwa Kiingereza. Ndiyo maana naandika hivi. Na Norman hawezi kusoma hata mstari mmoja.

Haya, nimtendee haki. Kampuni yake ni wazo zuri. Wageni wachache, hawazidi sita. Msitu wa Mabira, halafu Mbale, halafu mlimani. Wanalala kwa wenyeji, wanakula chakula cha wenyeji, hawang'oi hata ua. Mimi nimeliamini hilo wazo. Niliacha kazi ya mapokezi hotelini kwa sababu yake — kule nilikuwa nawachekea walevi mpaka taya linauma. Na safari hii ni ya kwanza naongoza peke yangu.

Wageni wamefika jioni. Watano. Wawili nimeshawapa majina. Mmoja ni Daktari wa Meno, buti mpya, anauliza kuhusu kilele na kilele na kilele. Mwingine ni mwalimu mstaafu, mama wa nywele nyeupe, amebeba karatasi ya Norman yenye masharti ya safari. Ameipiga mistari kwa kalamu nyekundu. Huyo ni Mama Kanuni.


Jumanne, 9 Juni. Mabira

Mvua. Msitu ulikuwa unatoa moshi kama chungu. Tumbili wamejificha, wageni wakaangalia majani, wakaridhika na majani. Vizuri.

Njiani tumekutana na akina mama wamebeba kuni kichwani. Wamesalimia vizuri, wameinama kidogo na mizigo yao. Mama Kanuni akaniuliza palepale, mbele yao: wameruhusiwa kuchukua hizo? Nikamwambia ni matawi yaliyoanguka. Akauliza: una hakika?

Nina hakika ya nini? Nina hakika kwamba mtu anapika kwa moto!

Lakini si mtu mbaya. Ameokota karatasi za pipi njia nzima, hata zile si zetu. Amempa Dauda, dereva wetu, dawa yake ya kikohozi. Daktari wa Meno hajamsalimia Dauda tangu Jinja.


Alhamisi, 11 Juni. Mbale

Dauda ameendesha kutoka Jinja akiimba. Brazil walishinda jana, akasikiliza yote kwenye redio. Alipotushusha lojingi alienda kwao Nakaloke kulala kwa mama yake.

Mji unachemka. Mwaka wa tohara huu, ngoma zimeshaanza kupita barabarani, vijana wamejipaka unga usoni. Wageni wakatoa kamera. Nikasema: ombeni kwanza. Wakaomba! Nikajisikia fahari kidogo. Jabali la Wanale lilikuwa limefunikwa na wingu, maji yanaporomoka kama uzi mweupe.

Norman amepiga simu lojingi. Hakuuliza tumefikaje. Ameuliza kama nimekuwa mpole kwa wakubwa wa hifadhi. Kibali cha kampuni kinaisha mwezi ujao, anataka kipya, cha njia ya pili. Nikamwambia mimi siku zote ni mpole. Akacheka. Kwa nini acheke?


Ijumaa, 12 Juni. Kwa Geresom, juu ya Budadiri

Siku nzuri. Niandike hivyo, maana nimekuwa nikilalamika tu.

Geresom Wanyera ndiye mkuu wa wapagazi wetu na ndiye mwenyeji wetu. Mrefu, mkimya. Kiswahili chake alikiokota Kitale, kwenye mashamba ya mahindi. Mke wake anaitwa Margret. Ana mtoto mchanga mgongoni, na anafanya kazi kana kwamba mgongo hauna kitu. Boma lao limekaa kwenye ukingo, ukisimama mlangoni unaona nchi yote mpaka maziwa ya Teso. Juu ya nyumba ni migomba, halafu kahawa, halafu mstari wa miti — hapo hifadhi inaanza. Zamani, kabla hawajaondolewa, nyumba yao ilikuwa juu ya huo mstari. Geresom alinionyesha kwa kidevu tu. Sikumuuliza zaidi mbele ya watu.

Margret amepika matoke, na malewa kwa karanga. Machipukizi ya mianzi, yamekaushwa kwa moshi juu ya meko, yakachemshwa, yakatiwa karanga iliyosagwa. Ee Mungu! Chakula hicho kina ladha ya mlima wenyewe. Sisi Wateso tuna vyakula vyetu lakini leo nimewavulia kofia Wagisu. Wageni wamekula mpaka wakalamba vidole. Mama Kanuni aliongeza mara mbili. Akataka kujua ni mmea gani, unaota wapi. Geresom akajibu: juu. Nikatafsiri: juu mlimani.

Halafu akaja Lawrence! Sikuamini macho yangu. Ndiye mlinzi wa hifadhi waliyetupatia atusindikize, na bunduki yake na bereti yake. Lawrence wa nyumba za askari jela, rafiki wa kaka yangu, aliyevunjika jino kwa kuruka ukuta wetu. Amenikumbatia mbele ya wageni. Tukaongea Kiswahili chetu cha zamani, kile cha matusi na vicheko, Norman na lugha yake ya bunduki aende zake. Margret akampa sahani. Akala akiwa amesimama, akaomba tena, akamwita Margret shemeji.


Jumamosi, 13 Juni. Kambi ya kwanza

Kalamu imetoboa karatasi mara mbili, na si baridi. Ni hasira.

Asubuhi tulijiandikisha kwenye kituo cha hifadhi. Mkubwa wa kituo alikuwepo mwenyewe, sare imepigwa pasi, kwenye kiti cha mbao. Yote yalikwenda sawa. Wapagazi wameshafunga mizigo. Ndipo Mama Kanuni akatoa karatasi yake ya mistari myekundu. Akamwambia mkubwa: tungependa kujua kama ile mianzi tuliyokula jana inakatwa kwa utaratibu. Tusingependa kula kitu ambacho si halali.

Mkubwa akatabasamu. Akauliza, mlikula wapi, mama?

Nikaingilia haraka: yalinunuliwa sokoni Mbale.

Na yeye — mwalimu wa watu! — akanisahihisha. Hapana, Daphine, wewe mwenyewe ulitutafsiria, yametoka juu. Kwa Margret, mke wa Geresom. Mpishi hodari sana! Na akamnyoshea kidole Geresom, akimchekea kwa upendo, akidhani anamsifu.

Mkubwa akaandika kitu. Akasema asante kwa kutujulisha. Asante!

Geresom Kiingereza chake ni kidogo, lakini jina la mke wake analijua. Na mianzi kwa Kiingereza anaijua pia, wageni wanaisema kila safari. Alisimama na mzigo kichwani, hakugeuka. Nikamsogelea, nikamwambia kwa Kiswahili: rudi nyumbani, mzigo wako tutagawana. Akasema: nikikimbia sasa, ni kama nimekubali. Twende.

Lawrence nilimvuta pembeni. Nikamwambia, umesikia? Akasema: afande amesikia, mimi nimesikia, sasa unataka nini, Daphine? Akatangulia na bunduki yake. Njia nzima hakuimba. Jana alikuwa anaimba.

Mama Kanuni ameniuliza jioni kama nina mafua, sauti yangu imebadilika.


Jumapili, 14 Juni. Kambi ya pili

Mvua toka alfajiri. Mianzi pande zote, mirefu, inagongana juu kwa juu. Machipukizi yamejaa chini, kila hatua unayakanyaga. Yanaoza hapa. Hakuna anayeyala. Ndiyo utunzaji wenyewe huo?

Daktari wa Meno ameuliza kama tukitoka mapema zaidi tutawahi kilele kabla ya wingu. Nimemjibu ndiyo, bwana. Ndiyo, bwana, ndiyo, bwana.


Jumatatu, 15 Juni. Kambi ya pili

Apollo amefika asubuhi, shemeji yake Geresom, amepanda bila kupumzika, matope mpaka kiunoni.

Wamemchukua Margret. Walinzi walikuja juzi jioni, wakaingia jikoni, wakabomoa dari la moshi pale juu ya meko, wakabeba malewa yote. Yeye na mtoto wake wakapandishwa gari. Jana wamepelekwa polisi Mbale.

Geresom aliteremsha mzigo kichwani. Taratibu, kama mtu anayeweka mayai chini. Akafungua kamba, akaikunja, akaiweka juu ya mzigo.  Wapagazi wote wakashusha mizigo yao.

Wageni wakatoka kwenye matenti na vikombe vya chai. Kuna nini? Kuna nini?

Nikawaambia. Kwa Kiingereza, bila sukari. Nikasema: mama aliyetupikia yuko mahabusu pamoja na mtoto wake, kwa sababu ya chakula tulichokula sisi, na kwa sababu mmoja wetu alikwenda kukisema.

Mama Kanuni alikaa chini kwenye tope. Akasema, niliuliza tu. Nilitaka kufanya vizuri. Akarudia hivyo hivyo. Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe, na wakati huohuo nilitaka kumshika mkono nimwinue topeni.

Na Daktari wa Meno! Akaniuliza: hii ina maana hatufiki kileleni?

Sitaandika nilichomjibu. Nilimjibu kwa Kiswahili cha nyumba za askari. Lawrence alinielewa, akaangalia pembeni.

Nimeamua. Apollo anaijua njia vizuri, anaongoza vizuri kuliko mimi, na Lawrence yupo. Wanaotaka kilele waende nao, na wapagazi watakaopenda. Mimi nashuka na Geresom. Mama Kanuni amesema anashuka pia. Nikamwambia njia ni mbaya. Akasema, nitaanguka, nitainuka.

Ameanguka kweli. Kila alipoanguka Geresom alirudi akamwinua. Yeye! Mimi nisingeweza.


Jumanne, 16 Juni. Mbale

Kituo cha polisi. Askari wa mapokezi hakutaka hata kuinua macho. Geresom alishasimama pale toka asubuhi, anaambiwa ngoja, ngoja. Nikaenda mezani, nikasimama wima kama baba alivyotufundisha. Jambo, afande. Naomba kuongea na wewe kama mtoto wa askari. Akainua kichwa. Mtoto wa askari gani? Nikamtajia baba, nikamtajia jela, nikamtajia mwaka. Yeye ni wa kabila la Walango, kutoka Lira, mjomba wake alifanya kazi na baba! Akasema, dada, kwa nini hukusema toka mwanzo?

Sasa Norman aje aniambie tena habari ya lugha ya bunduki.

Tumempelekea Margret uji, maziwa na nguo kavu za mtoto. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye kona, mtoto ananyonya. Nilidhani atalia. Nilikuwa nimetayarisha maneno.

Hakulia. Akaniangalia toka miguuni mpaka kichwani. Kiswahili chake ni kidogo, kila neno alilitoa kama jiwe.

"Wewe naleta watu kwangu. Mimi napika. Nyinyi nakula. Mimi nafungwa."

Nikaweka uji mbele yake, nikarudi nyuma. 

Baadaye akaongea na Geresom kwa Kigisu, haraka na kwa ukali. Geresom akanieleza tulipotoka nje. Anasema hakuiba. Kila Alhamisi wanawake wa kijiji huruhusiwa kuingia kwenye mianzi, kila mmoja fungu moja la kichwani. Mlinzi mwenyewe husimama pale mwanzo wa njia akiwahesabu wanavyoingia na kutoka.

Mlinzi gani?

Geresom akatazama nyuma, kama kuna anayesikia. Halafu akasema: unamjua.

Mama Kanuni alikuwa anatungoja nje. Askari wamemwambia asisafiri, watamhitaji mahakamani aseme alikula nini. Ameniuliza aseme nini. Nikamwambia sema ukweli. Lakini usiseme nusu, nusu yako umeshaisema.


Jumatano, 17 Juni. Mbale

Norman amefika kutoka Jinja, miwani ya jua, shati jeupe. Amenikuta lojingi nakunywa chai. Hakuuliza habari ya Margret. Alianza na mimi.

"Umewaacha wageni mlimani, Daphine. Umewaacha!"

Nikasema wako na Apollo na Lawrence, salama, na huyo wa meno amefurahi kwamba niliondoka. Nikasema: tuongee habari ya mwenyeji wetu. Tumtafutie wakili. Tuseme mahakamani kwamba kampuni ndiyo iliyoagiza chakula kile, wewe mwenyewe umekiandika kwenye tangazo, chakula cha asili cha Wagisu. Ni kweli! Ameandika! Na picha ya chungu!

Akavua miwani. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto kwa nini haendi shule. Alivunja sheria. Sisi ni kampuni inayoheshimu msitu. Tukimtetea, hifadhi watatuonaje? Kibali kikifutwa, nani atafaidika? Hata hao wapagazi watakosa kazi. Fikiria kwa upana.

Kwa upana! Kila anayetaka kumkanyaga mtu mmoja huanza na kuniambia nifikirie kwa upana!

Nikamuuliza: na wakati unawaambia wageni kwamba tunalala kwa wenyeji kama ndugu, ulikuwa unafikiria wapi?

Akasema nyumba nyingine zipo. Kuna familia upande wa pili, wana choo kizuri.

Geresom alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale toka lini. Norman akamwona, akamwita kwa jina, akamnyoshea mkono, pole sana mzee, pole. Geresom akaupokea mkono, akaushika kidogo, akauachilia. Akaniambia mimi kwa Kiswahili: mtoto anaharisha, naenda kutafuta dawa. Akaondoka.

Norman akauliza, amesema nini?

Nikamwambia: jifunze.


Alhamisi, 18 Juni. Mbale

Wameshuka. Daktari wa Meno amefika kileleni, uso umeungua, anaonyesha kila mtu alivyosimama juu ya jiwe. Amenunua soda kwa wote. Dauda akakataa ya kwake. Dauda, anayekunywa soda mbili akifungua ya tatu!

Lawrence nilimkuta mchana nyuma ya soko, anakula chapati. Nikakaa mbele yake. Sikumsalimia.

Nikasema: Alhamisi.

Akaacha kutafuna.

Nikasema: ni wewe?

Mwanzo alitaka kunichezea. Alhamisi gani, leo ni Alhamisi, wewe Daphine una maneno. Nikangoja. Namjua huyu tangu hana meno ya mbele. Mwisho akaweka chapati chini.

Ni yeye. Mwaka jana mvua ile kubwa iliteremsha mlima, mashamba yakaenda na maji, wanawake wakawa wanakuja kwenye mstari wa miti wanalia njaa. Amri ilikuwa kufukuza. Yeye akawaambia njooni Alhamisi, mkubwa huwa anashuka Mbale siku hiyo. Fungu moja kila mtu, msikate mwanzi mzima, machipukizi tu. Wamelishika hilo agano bila kukosa. Anasema msitu haujapungua hata jani. Anasema ni kitu pekee alichofanya na sare hii ambacho mama yake angekisifu.

Nikamwambia: basi kesho mahakamani useme.

"Nikisema nimekwisha. Kazi imekwenda, na labda nafungwa mimi mahali pake. Nina watoto, Daphine."

"Naye ana mtoto. Yuko naye ndani!"

Watu wa meza ya pili wakageuka. Lawrence akainama, akasema watampiga faini tu, atatoka, itaisha. Nikamwambia mkubwa wako anataka mfano, hataki faini. Yule askari wa Lira ameninong'oneza: wanaomba kifungo. Lawrence akafunika uso kwa mikono. Mikono mikubwa. Nilitaka kumhurumia na nikakataa. Halafu nikamhurumia, halafu nikakasirika kwa sababu nimemhurumia.

Maana ona mambo yalivyokaa! Mkubwa wa kituo ni msafi. Norman ni msafi, shati jeupe. Daktari wa Meno ni msafi, amefika kileleni. Kwenye kisa hiki chote mtu mmoja tu mwenye sare alifanya utu, na huyo ndiye natakiwa nimsukume shimoni ili Margret atoke.

Nimemwambia Geresom yote jioni. Ilikuwa haki yake kujua. Hakufurahi. Alisema tu, Lawrence ni mtu mzuri. Halafu akasema: lakini mke wangu ni mke wangu.


Ijumaa, 19 Juni. Mbale, barazani mahakamani

Naandika hapa kwenye benchi. Hakimu ametoka kula chakula, tunarudi saa nane.

Niandike upesi kama ilivyokwenda.

Margret amesimama kizimbani na mtoto mgongoni. Amesomewa. Kuingia hifadhini, kutoa mazao ya msitu bila kibali. Mkalimani akamuuliza, unakubali? Akasema: nilikwenda Alhamisi. Hakimu akauliza, Alhamisi ndiyo nini? Akaeleza kama alivyomweleza mumewe.

Mkubwa wa kituo akaapa kwa Biblia. Akasema ruhusa ya namna hiyo haipo na haijawahi kuwepo. Sikumchukia kwa hilo. Naamini hajui. Nilimchukia kwa jinsi alivyoliangalia paa wakati mtoto analia.

Mama Kanuni akaitwa. Alivaa gauni, karatasi yake hakuja nayo. Akasema nilikula, niliongeza, na mimi ndiye niliyemtaja. Akasema: kama kuna kosa, tulikaa mezani wote. Sauti ilikatika lakini alimaliza. Mwendesha mashtaka akamshukuru — asante mama, umethibitisha kwamba mianzi ilikuwepo. Basi. Hicho tu ndicho alichokitaka kwake. Alirudi kukaa akiwa amezeeka.

Halafu Lawrence. Sare, bereti mkononi. Hakimu mwenyewe akamuuliza: afande, wewe unasimamia ile njia. Kuna Alhamisi, au hakuna?

 Feni ilikuwa inazunguka juu, inalia kri, kri.

"Sikumbuki, mheshimiwa."

Sikumbuki! Si ndiyo, si hapana! Margret hakutazama chini wala hakulia. Alimwangalia tu, kama alivyoniangalia mimi pale sakafuni. Mtu ambaye alikuwa anamwita shemeji!

Mwendesha mashtaka akaanza kufunga faili. Ndipo Geresom akasimama kule nyuma, mrefu, kofia kifuani. Hajaitwa, hajaruhusiwa. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, nyumba nzima ikasikia:

"Mheshimiwa, huyu dada anajua. Muulize huyu."

Na akaninyoshea mkono mimi.

Askari wakamkalisha. Watu wakaguna, na Kiswahili chenyewe kikawatisha wengine, nikaona mzee mmoja anajikunja kana kwamba amerudi miaka ile ya wanajeshi. Hakimu akaniangalia. Akauliza mimi ni nani. Nikasema kiongozi wa safari. Norman alikuwa mstari wa mbele, akageuka, akatikisa kichwa polepole. Usithubutu. Nimeapishwa. Hakimu akaniuliza: unajua nini kuhusu siku ya Alhamisi, na nani alikuambia?

Nikafungua mdomo. Hakimu akaangalia saa yake, akasema, naona hili si jibu fupi. Tule kwanza.

Tule kwanza!

Norman amenifuata hapa barazani. Ameniambia nikisema neno lolote linaloigusa hifadhi, nisirudi Jinja ofisini. Nimemwambia begi langu liko huku huku, sina kitu cha kufuata Jinja. Ameondoka. Mama Kanuni amekaa ngazini, amempakata mtoto wa Margret. Askari wamemruhusu. Mtoto amelala na mkono wake umeng'ang'ania kidole cha mama yule. 

Lawrence yuko ng'ambo ya uwanja, peke yake kwenye kivuli cha ukuta. Hajala. Bunduki amempa mwenzake. Nimemwangalia muda mrefu. Ningependa nimwone mbaya, ingekuwa rahisi. Nimeona yule mvulana aliyeruka ukuta wetu, akaanguka na damu mdomoni, akatuomba tusimwambie baba yake.

Nitasema. Nimeshaamua, naandika ili nisigeuke. Nitasema kwa Kiswahili, watafute mkalimani. Nitasema aliniambia mwenyewe, na nitasema pia kwa nini aliwafungulia, mvua, njaa, na kwamba msitu haujapungua. Kama watamfukuza, wamfukuze wakijua wanamfukuza mtu gani. Na sitalia mle ndani.

Karani ametoka mlangoni, anaita watu. Geresom ameingia. Margret wanampitisha, amesimama kidogo ngazini achukue mtoto.

Lawrence ameinuka. Amevuka uwanja nusu. Amesimama. Anaangalia mlango wa mahakama, anaangalia geti, bereti bado iko mkononi.

Karani anaita jina langu.